Usichome yai sindano kabla hujasoma hii

Ndugu wafugaji, hasa ninyi vijana wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ambao kuku kwenu ni biashara, siyo wale wawili watatu wa kumchinjia mgeni.

Leo naanza na ujumbe ulioingia kwenye simu yangu saa nne na nusu usiku. Ulikuja na picha ya kichupa kidogo, lebo imechanika nusu, na maneno haya: "Shikamoo mtaalamu. Hii dawa ya kuchoma mayai naweka ngapi kwa yai moja? Jamaa kaniambia ni homoni, vifaranga wanatoka wazito, wana mafuta ya kutosha kwenye damu, hawafi hovyo." Nikamuuliza, umeshachoma? Akajibu: "Trei moja tu, jana."

Kijana huyu namfahamu. Wako watano kwenye kikundi, walikopa kwenye ile asilimia nne ya vijana ya mkopo wa halmashauri, wakanunua mashine ya kutotolesha ya mayai 528. Marejesho yana tarehe yake, umeme ukatike usikatike. Trei moja ya mashine yao inabeba mayai 88, kwa hiyo sehemu moja ya sita ya mzunguko mzima ilikuwa imetobolewa na kutiwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyejua ni nini. Nikamwambia asiguse yai lingine, asubuhi nafika.

Nilipofika nikakishika kile kichupa. Hakuna jina la dawa linalosomeka, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna namba ya usajili wa TMDA. Kilinunuliwa mnadani kwa mtu mwenye begi. Mayai yalikuwa na siku saba, yamechomwa kwa sindano ya ng'ombe kwenye ncha nyembamba, tundu likazibwa kwa nta ya mshumaa. Nilitaka kukasirika, lakini nikamuuliza kwanza kwa nini alifanya vile. Akasema mizunguko miwili iliyopita vifaranga wake walitoka na matumbo makubwa, vitovu havijafunga vizuri, wakaanza kufa siku ya tatu mpaka ya tano. Wateja wakaanza kumkimbia. Yule wa mnadani alimwambia tatizo ni "kifaranga hana mafuta ya kuanzia maisha", na dawa ni homoni.

Sasa hapo ndipo pagumu, kwa sababu yule mtu hakusema uongo mtupu. Alichukua kipande cha ukweli akakifunga kwenye kichupa. Wapo watafiti ambao kweli huchoma homoni ndani ya yai, kisha kifaranga akitoka wanachukua damu na kupima mafuta yake: lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, pamoja na yale mafuta mengine yanayoitwa trigliseridi. Kwa hiyo nataka tuelewane vizuri, ili siku mwingine akikufuata na begi lake ujue cha kumuuliza.

Kifaranga ni mtu wa mafuta

Yai la gramu 60 lina mafuta kati ya gramu 5 na 6, na karibu yote yako kwenye kiini. Kwenye ute hakuna kitu. Lehemu peke yake ni kama miligramu 200 kwa yai. Siku zote 21 kiinitete hakina mahindi wala pumba, na zaidi ya asilimia 90 ya nguvu kinayoitumia inatokana na kuunguza mafuta ya kiini. Mafuta ni kuni, na pia ni tofali za kujengea ubongo na kuta za seli.

Wiki ya mwisho ndiyo mafuta yanahama kwa kasi. Utando unaozunguka kiini unayafunga kwenye vifurushi vidogo vya mafuta na protini, vinaingia kwenye damu, vinakwenda kwenye ini na mwilini. Siku ya 19 na ya 20 kiini kilichobaki kinavutwa chote kuingia tumboni mwa kifaranga, halafu kitovu kinafunga. Kwa hiyo kifaranga anatoka na akiba yake tumboni. Akiba hiyo inamfaa siku nne tano za mwanzo, na inatumika haraka zaidi akipata chakula na maji mapema. Wale mnaosema "msimpe chakula siku mbili kwanza amalize kiini" mnajidanganya. Akiba hiyo ndiyo inamwezesha kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi huku akafika mzima, lakini kuweza kuvumilia njaa siyo sababu ya kumnyima.

Hii inaeleza jambo moja ambalo mmeniuliza mara nyingi. Ukipasua kifaranga wa siku moja aliyekufa unakuta ini la njano. Wengi mnasema ni homa ya ini, mnakimbilia dawa. Siyo ugonjwa. Ini hilo limejaa lehemu iliyotoka kwenye kiini, na litageuka rangi na kuwa jekundu la kahawia kadiri anavyozoea chakula. Damu yake nayo siku hiyo ina lehemu nyingi kuliko atakavyokuwa nayo akikua. Ungempima kwa vipimo vya binadamu ungemwandikia dawa za moyo, naye wala haumwi. Akishaanza kula wanga, ini linabadilisha kazi: badala ya kupokea mafuta linaanza kuyatengeneza. Kwa kuku, ini ndilo kiwanda kikubwa cha mafuta, na tumbo na ngozi ni ghala tu.

Kwa hiyo yule wa mnadani alikosea pa kuanzia. Kifaranga wa kawaida hakosi mafuta. Tatizo la vijana wetu lilikuwa mafuta yapo tumboni, hayajatumika.

Homoni ikiingia kwenye yai

Homoni ni ujumbe. Mwili unaituma kidogo sana, tunazungumzia mikrogramu, yaani gramu moja ukiigawa mara milioni, na inatumwa siku yake. Ukiituma siku isiyo yake au kwa wingi usio wake, mwili unafanya kazi ambayo hukuiagiza.

Chukua thairoksini, homoni ya tezi iliyo chini ya shingo. Siku chache kabla ya kuanguliwa homoni za tezi hii hupanda kwenye damu ya kifaranga, na ndizo zinazomsukuma avute kiini, aanze kupumua kwa mapafu, na avunje ganda. Watafiti walioziba kazi ya tezi hiyo walipata vifaranga wanaochelewa au kushindwa kabisa kutoka. Homoni hizi pia huongeza kuunguza mafuta na husaidia ini kuondoa lehemu kwenye damu. Ndiyo maana wengine wamejaribu kuichoma kwenye yai. Matokeo hutegemea siku ya kuchoma, kipimo, na sindano iliishia wapi ndani ya yai. Kwenye ute ni jambo moja, kwenye kiini jambo lingine, kwenye maji yanayomzunguka kifaranga jambo la tatu. Sasa wewe na sindano ya ng'ombe ulifika wapi?

Kotikosteroni ni homoni ya msongo. Kuku akibanwa na joto, njaa au vurugu bandani huitoa. Kuku anayekua ukimpa hiyo kwa wingi, misuli ya kifua inasinyaa, ini linajaa mafuta na tumbo linajaa mafuta. Tofauti utaiona kwenye kisu.

Estrojeni ndiyo ya ajabu zaidi, na naomba hapa mnisikilize. Mtetea anapokaribia kutaga, estrojeni hulielekeza ini lake litengeneze mafuta na protini za kiini, na mafuta kwenye damu yake yanapanda kuliko ya jogoo, mara nyingi zaidi. Ukimpa jogoo estrojeni, au kifaranga, ini lake linatii vilevile ingawa hana yai la kutaga. Damu yake ukiiacha kwenye chupa itulie, maji ya juu yanakuwa meupe kama maziwa. Ni mafuta hayo. Hayana pa kwenda isipokuwa tumboni na chini ya ngozi. Na ukiichoma kwenye yai mapema, kifaranga wa kiume anatoka na via vya uzazi vilivyochanganyika. Wanasayansi walionyesha hilo tangu miaka ya 1930. Mwaka 1992 wengine wakaonyesha upande wa pili: ukiizuia estrojeni ndani ya yai, kifaranga wa kike anakua na dalili za jogoo.

Kuna mmoja aliitwa Walter Landauer, wa Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani. Yeye alichoma insulini, homoni hii hii wanayotumia wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1945 akaandika kwamba alipata vifaranga wasio na mkia kabisa, mfupa wa nyuma haupo. Insulini ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi, lakini kwa kiinitete cha siku chache inageuka kitu kingine.

Hayo yote ni maabara, watu wenye vipimo vya kisasa, mayai yanayochomwa maji matupu ya chumvi pembeni ili kulinganisha, na bado wanabishana. Kazi yao ina maana kubwa, maana kuku anatufundisha jinsi mwili unavyosafirisha mafuta, hata wa binadamu. Ila hakuna aliyetoka humo na kipimo cha mfugaji wa Bariadi.

Maneno ya "kuku wa sindano" yalianzia wapi

Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika hapa Nyakabindi mwaka 2019, nilikuwa nimesimama bandani na kuku wa maonyesho. Akaja mama mtu mzima, akanitazama mimi, akawatazama broila, akasema: "Mwanangu, hao wa sindano sisi hatuli, wanatuletea presha." Nikamjibu kwa heshima, "Mama, hawa hawajachomwa homoni." Akacheka akaondoka. Mnajua mnavyopoteza wateja kwa neno hilo moja, kwa mama lishe, kwa wenye mahoteli, mpaka msibani.

Mama yule hakutunga. Kuna historia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Marekani waliruhusu wafugaji kupandikiza kidonge cha estrojeni ya kutengenezwa kiwandani, iitwayo DES, chini ya ngozi ya shingo ya majogoo. Kusudi lilikuwa wanenepe na nyama iwe laini, na kweli walinenepa kwa mafuta, kwa njia ile ile niliyoeleza ya ini na damu nyeupe. Mabaki yakakutwa kwenye maini na ngozi, na mwaka 1959 serikali yao ikasimamisha matumizi hayo kwa kuku. Baadaye, mwaka 1971, madaktari wa Boston wakaripoti saratani adimu kwa wasichana ambao mama zao walipewa DES kama dawa wakiwa wajawazito. Tangu hapo neno homoni na neno kuku yamebaki pamoja vichwani mwa watu, hata huku ambako DES haijawahi kuonekana bandani.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni chanjo. Kwenye viwanda vikubwa vya vifaranga nje ya nchi, mayai huchomwa kwa mashine siku ya 18. Watafiti wawili wa Marekani, Sharma na Burmester, ndio walioonyesha mwaka 1982 kwamba kifaranga anaweza kuchanjwa ugonjwa wa Marek akiwa bado ndani ya yai, na mwaka 1992 mashine za kazi hiyo zikaingia sokoni. Mashine inatoboa upande wa chumba cha hewa, sindano inasafishwa kwa dawa kila inapochoma, chumba ni kisafi kama cha upasuaji. Kinachoingia ni chanjo. Kwetu chanjo hiyo zaidi inachomwa shingoni kifaranga akiwa wa siku moja, na ukinunua vifaranga uliza kama wamepata.

Na ukuaji wa broila? Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilichapisha kazi nzuri mwaka 2014. Walikuwa wametunza mbegu ya kuku ya mwaka 1957 na ya mwaka 1978, wakawalea pamoja na mbegu ya kibiashara ya mwaka 2005, chakula kile kile, bila homoni. Wakiwa na siku 56, wa 1957 walikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti yote hiyo ni kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Homoni ya ukuaji yenyewe ilijaribiwa kwa broila miaka ya 1980 kwa kuwachoma sindano, haikuleta faida ya maana. Ukiiweka kwenye chakula ndiyo kabisa, ni protini, inameng'enywa kama dagaa.

Lakini sitaki tujisafishe sana. Nimekuta bandani watu waliosaga vidonge vya majira wakachanganya kwenye maji ya kuku. Vidonge hivyo vina estrojeni. Uganda mwaka 2023 mamlaka yao ya dawa ilikiri mbele ya wabunge kwamba inajua dawa za ARV zimekuwa zikitumika kunenepesha nguruwe na kuku. Kwa hiyo mteja anapouliza, usimcheke. Mwambie unatumia nini, mwonyeshe daftari lako la dawa na siku za kusubiri baada ya antibiotiki. Na mwambie ukweli mwingine: broila ana mafuta, ndiyo, yako kwenye ngozi na kwenye bonge lile la tumboni, yanatokana na chakula chenye nguvu nyingi kuliko protini na kuku kukaa bandani muda mrefu kupita umri wa kuuza. Anayeogopa mafuta atoe ngozi na bonge. Ile lehemu ya damu ya kifaranga haifiki kwenye sahani yake, imeshaondoka zamani.

Trei ya mayai 88

Tuliiacha trei ile mashineni, sikutaka kutupa mayai kabla ya kujua. Siku ya 18 nikarudi tukamulika kwa tochi ya simu. Mengi yalikuwa meusi bila mishipa, mawili yakapasuka mikononi mwetu, harufu ikatutoa nje. Siku ya 21 kwenye trei hiyo walitoka vifaranga 14.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Wao wanauza kifaranga shilingi 2,000. Mmoja wa kikundi akasema, "Mtaalamu, tuwachanganye na wengine tu, nani atajua?" Elfu ishirini na nane siyo hela ndogo kwa watu wenye deni. Nikamuuliza, yule mama atakayenunua hao akiwafuga akawachinja, tutamwambia amekula nini? Hakuna aliyejua ndani ya kichupa kuna nini. Ingekuwa estrojeni? Ingekuwa maji ya bomba na vijidudu? Wakanyamaza. Aliyechoma ndiye aliyesema wasiuzwe, na ndiye aliyechimba shimo. Tukawafukia na mayai yote ya trei ile, tukamwaga chokaa juu. Haikuwa asubuhi nzuri.

Kabla ya kufukia tulivunja mayai yaliyokufa moja moja juu ya ndoo, nikiwaonyesha. Yale yaliyokufa mapema yalikuwa yameoza kutokea pale sindano ilipopita: bakteria waliingia na sindano, wakakuta kiini chenye joto la nyuzi 37, chakula tele. Waliokufa wakiwa wakubwa walikuwa na kiini kilichobaki nje ya tumbo, cha kijani, kinanuka.

Ila sasa sikilizeni. Trei tano ambazo hazikuchomwa nazo hazikuwa nzuri. Mayai 440, vifaranga 287, na kati yao kuna wenye matumbo makubwa vilevile, kama mizunguko iliyopita. Ugonjwa aliotaka kuutibu kwa sindano ulikuwa bado upo.

Nikaweka kipimajoto cha hospitali, kile cha kidijitali, katikati ya mayai. Mashine inaandika 37.7, kipimajoto kinasoma 38.6. Kumbe kihisi cha mashine kilikuwa kimesogea karibu na feni. Joto likizidi namna hiyo kifaranga anakimbizwa, anatoka mapema kabla hajamaliza kuvuta na kutumia kiini, na kitovu kinabaki wazi. Hapo ndipo mafuta yanabaki tumboni badala ya kuingia kwenye damu. Homoni ya nini, wakati nyuzi moja tu inatosha kuharibu?

La pili lilinichukua muda zaidi. Mayai wanayokusanya yanatoka kwa wafugaji wa vijijini, na kila mmoja ana chakula chake. Nikavunja mayai mabichi ya kila msambazaji kwenye sahani. Ya mmoja wao, yaliyokaa wiki, viini vilikuwa na rangi ya kijani cha zeituni, na ute una wekundu kidogo. Hapo nikajua. Sisi ni mkoa wa pamba, mashudu ya pamba yanapatikana kwa bei nafuu, na yana protini nzuri kwa ng'ombe. Lakini kwa kuku wa mayai ya kutotolesha yana mambo mawili. Moja ni sumu ya asili iitwayo gosipoli, ndiyo inayoleta ile rangi kwenye kiini. Lingine ni asidi fulani za mafuta zilizo kwenye mbegu ya pamba, ambazo zinazuia ini la mtetea kulainisha mafuta. Kiini kinakuwa na mafuta magumu mno, na kiinitete kinashindwa kuyatumia, kinakufa njiani. Yaani mafuta ya damu ya kifaranga yaliharibikia kwa mama yake, kwenye sahani ya chakula, wiki kadhaa kabla ya yai kuingia mashineni.

Mfugaji yule hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia, na hilo liko juu yetu sisi wa ugani. Sasa anatumia mashudu ya alizeti na dagaa kidogo, na nimemwambia mayai yake asiyauze kwa kutotolesha mpaka wiki nne zipite. Vijana wamerudisha kihisi mahali pake, wanapima kwa kipimajoto cha pili asubuhi na jioni, wanaandika. Mayai hayakai zaidi ya siku saba kabla ya kuingia. Vifaranga wakikauka wanapelekwa bruda yenye nyuzi 32 hadi 34, maji kwanza, chakula saa hiyo hiyo.

Mzunguko uliofuata waliingiza 528 wakatoa 409. Wiki ya kwanza walikufa tisa. Marejesho ya mwezi ule walichelewa siku kumi na mbili, wakaenda wenyewe kujieleza kwa afisa maendeleo ya jamii. Kichupa kiko kwenye droo ya ofisi yangu, na yule wa mnadani bado tunamtafuta. Ukimwona ana begi jeusi na anasema "homoni ya mayai", usinunue, nipigie hapo hapo au mwambie bwana mifugo wa kata yako.